Marehemu Hagombei Ubunge

Kabla ya harufu ya chai ya iliki, asubuhi za utoto wangu zilianza na mkwaruzo. Ulikuwa mkwaruzo wa sarafu juu ya kadi ya simu, shangazi yangu Mwanaisha akiikwangua rangi ya fedha ili tarakimu zitokee. Kisha ukafuata mlio wa vitufe, kisha kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na mwisho swali lake: "Wa nani huyo?" Tulikaa ghorofa ya tatu huko Al Muraqqabat, mtaa mmoja wa Dubai, katika fleti ya vyumba viwili tuliyogawana na familia moja kutoka Tanga. Jiko lilikuwa moja, bafu moja, na ukumbi ulikatwa kati kwa pazia la maua mekundu. Nyuma ya pazia hilo ndipo palipokuwa na kitanda cha Shangazi, na ndipo palipokuwa na ofisi yake. Naiita ofisi kwa kuwa watu walikuja na haja zao, wakasubiri zamu kwenye kochi letu, na wengine wakatoka wakilia. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, posa chache sana zilipita baina ya watu wa pwani waliokuwa Dubai, wa Mombasa, wa Lamu au wa Unguja, bila kupitia kwanza nyuma ya lile pazia.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza nasaba. Kijana akileta posa, wazazi wa binti walimletea Shangazi jina lake, naye alipiga simu Mombasa, Unguja, mara nyingine hata Muscat, mpaka ajue kijana ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, na kama kuna jambo limefunikwa kawa. Aliandika kwenye vipande vya maboksi ya biskuti, babu juu, wajukuu chini, na mistari katikati. Hakulipwa chochote ila doti ya kanga au sahani ya halua, na heshima, ambayo aliipenda kuliko halua. Alikuwa na kanuni moja aliyojivunia: usimwambie mtu kuwa ni mwongo, muulize swali ambalo jawabu lake atalitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Siku moja alimpigia mama wa kijana mmoja aliyeapa kuwa hajapata kuoa. Shangazi alisalimu vizuri, akauliza hali ya nyumba, kisha akasema kwa huruma, "Na wale wajukuu wako, wamepona surua?" Mama wa watu akajibu kuwa wamepona, alhamdulillahi, ila yule mdogo bado anajikuna. Shangazi akashukuru, akakata simu, akaikunja karatasi ya posa mara nne akaitia chini ya mto.

Mimi nilikuwa kinyume chake kabisa. Nilikuwa mtoto wa pekee, mwembamba, na mdomo wangu ulikuwa mzito. Nyumbani nilisema kidogo, shuleni sikusema kabisa. Baba alikuwa mtunza stoo katika ghala moja la Dubai Airport Freezone, na kwa juhudi zake alinipatia nafasi katika shule iliyofuata mtaala wa Kiingereza. Watoto wa huko walizungumza Kiingereza kama wanaotafuna karanga, mimi nikiwatazama midomo. Niliyaelewa mengi, lakini kila nilipotaka kusema, neno lilifika kooni likaketi. Nilipofika darasa la sita, mwalimu wetu, mwanamke Mwingereza ambaye sote tulimwita Miss, alimwita Baba na kumweleza wazi. Sekondari ya pale ilikuwa na viti vichache, na hakupata kiti mtoto asiyeandikiwa barua na mwalimu wake. Yeye hangeweza kumwandikia barua mtoto ambaye hajamsikia sauti. Aliniachia mlango mmoja tu: mwisho wa muhula kutakuwa na maonyesho ya historia mbele ya wazazi, na nikisimama nikasema, nikajibu maswali, ataandika.

Baba alirudi nyumbani jioni. Baada ya chakula alinikalisha, akaniambia kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali, "Zuhura, mwanangu, nafasi nyingine Dubai hii sina. Ukiikosa hii, utakwenda Mombasa kwa ami yako, ukasome huko. Sisi tutakuja likizo." Ami yangu alikuwa mtu mwema na Mombasa ni kwetu, sina neno baya la kusema. Lakini niliwajua watoto waliopelekwa. Mama alijifanya anafuta meza iliyokwisha futwa. Usiku wote ule nilihesabu likizo kwa vidole, na vidole havikunipa faraja.

Mwaka huo Waingereza walikuwa na uchaguzi wa bunge kwao, na Miss alikuwa amepandwa na hamu hiyo kama watu wengine wanavyopandwa na kandanda. Akaamua kuwa maonyesho yetu yawe juu ya majimbo ya uchaguzi ya Uingereza ambayo hayapo tena. Nasema kweli: watoto wa Kihindi, wa Kifilipino, wa Kimisri na mimi wa Mombasa, tumekaa Dubai, nchi ambayo hakuna hata mzazi wetu mmoja aliyepata kupiga kura humo, tukitumbukiza mikono katika kopo la biskuti kuokota vijikaratasi vya majimbo yaliyofutwa. Mimi niliokota Thornmere. Miss alinipa karatasi moja aliyoichapa mwenyewe kutoka katika kitabu kikubwa, na humo mlikuwa na orodha ya wabunge wote wa Thornmere tangu jimbo lilipoundwa hadi lilipovunjwa na kugawiwa majirani. Alikuwepo Edmund Farleigh, aliyechaguliwa mara tano. Ukafuata uchaguzi mdogo, akaingia Walter Pocock. Baada ya Pocock kushinda mara mbili, likarudi jina la Edmund Farleigh. Mwisho akaja Hugh Simm, akachaguliwa mara sita mfululizo mpaka jimbo likafa mikononi mwake.

Niliipeleka karatasi nyuma ya pazia. Shangazi hakujua Kiingereza ila "yes" na "how much", na bunge la Uingereza lilikuwa mbali naye kama mwezi, lakini alipoona orodha ya majina, macho yake yalichangamka. Kwake orodha ya majina ni kitu kimoja tu. "Soma," akasema, nami nikasoma, naye akanifundisha kuihifadhi kwa mahadhi, kama tulivyofundishwa Qurani chuoni: Hugh bin Edmund, bin Walter, bin Edmund. Ilikaa kichwani siku ileile. Mahadhi yalikuwa matamu hata sikuwaza kwamba nimewafanya wabunge wanne, waliochukiana na kunyang'anyana kiti, kuwa baba na wana. Nikaiandika hivyohivyo katika rasimu yangu, kwa mwandiko mzuri, nikampelekea Miss. Rasimu ilirudi nyekundu tupu. Miss hakunicheka, lakini mvulana wa dawati la mbele aliiona, na kwa wiki nzima darasa zima likaniita "Bin". Nilirudi nyumbani nimevimba macho, nikamtupia Shangazi karatasi mapajani. Ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyomkosea adabu.

Hakunigombeza. Alivaa miwani, akaitazama karatasi kama aliyeletewa posa ya pili na mtu aliyekwisha kataliwa. Akaniuliza kama mbunge mpya hakurithi kutoka kwa babake, basi alipata vipi kiti. Nikamweleza kuhusu kura. Akauliza jimbo lilipofutwa, watu wake walikwenda wapi. Nikamwambia walibaki nyumbani kwao, ni mipaka tu iliyohama. Akaguna, akasema kumbe hata Uingereza mtu anaweza kulala hapa akaamkia kwingine bila kuondoka. Kisha kidole chake kikasimama juu ya jina la pili la Edmund Farleigh, na nikaisikia sauti ya kazini: "Huyu wa nani?"

Nikamwambia ni yuleyule wa kwanza, amerudi. Miss mwenyewe alikuwa ameandika chini ya karatasi kwamba Edmund Farleigh ndiye aliyeliwakilisha jimbo muda mrefu kuliko wote, ukijumlisha vipindi vyake viwili. Shangazi akatikisa kichwa. "Yuwapi hapa katikati? Mtu mzima aliyezoea kiti, miaka yote hii alikuwa wapi? Na huu uchaguzi mdogo, ulikuja kwa nini?" Kesho yake, kwa sauti ya kunong'ona, nilimuuliza Miss uchaguzi mdogo ni nini. Akafurahi sana kusikia sauti yangu, akanieleza kwamba hufanywa katikati ya muhula wa bunge, pengine mbunge akijiuzulu, pengine akipewa cheo kingine, pengine akifa. Nilipompelekea Shangazi jawabu hilo, alipiga paja kofi. "Kafa! Babu kafa, na huyu wa pili ni mjukuu kapewa jina la babuye. Mwanangu, marehemu hagombei ubunge."

Kwetu jina la babu kurudi kwa mjukuu ni jambo la kila nyumba, na nilimwamini papo hapo. Baba hakuamini, au tuseme hakutaka kuamini. Aliyasikia maneno yetu kutoka jikoni alikokuwa akikata na kukaanga vitunguu, akaja na kisu mkononi. "Khalas, yatosha, dada, tafadhali. Mwalimu kaandika Farleigh, mtoto aseme Farleigh. Hatukuja hapa kumsahihisha mwalimu, tumekuja kutafuta barua." Shangazi akamjibu kuwa barua ya uongo haina baraka. Baba akasema barua ni barua. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, na walibishana kama ndugu wa tumbo moja, mpaka kitunguu kikaungua. Mimi nikabaki katikati. Nikisema kama karatasi, nina nafasi. Nikisema kama Shangazi, na Shangazi akawa amekosea, nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Na ushahidi hatukuwa nao. Mbunge angeweza kabisa kuwa alijiuzulu, akapumzika, akarudi.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumatano asubuhi, ukumbi ukinukia zulia jipya na kipoza hewa kikivuma juu yetu. Baba alikuwa ameomba ruhusa kwa arbab wake, bosi wa ghala, akaja na sare ya ghala, kitambulisho bado kinaning'inia kifuani. Mama na Shangazi waliketi mstari wa tatu katika mabuibui yao. Miss alikuwa amemwalika jaji, Mwingereza mtu mzima mwenye masharubu meupe, msimamizi wa ujenzi huko Jumeirah Lake Towers, ambako wakati ule palikuwa bado na winchi na vumbi tu. Miss alitueleza kuwa bwana huyo, katika ujana wake kwao, aliwahi kusimamia kuhesabiwa kwa kura. Mbele yake mezani pamewekwa kile kitabu kikubwa cha Miss. Wenzangu walipita mmoja mmoja, wakasema, wakapigiwa makofi. Jina langu lilipoitwa, nikaenda kusimama mbele.

Nikaanza. Sauti ya kwanza ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta, lakini ilitoka, na baada ya hiyo, ya pili ilipata njia. Nilisema jinsi Thornmere ilivyoundwa, nikawataja wabunge wake, nani alimshinda nani, nani alishindwa akalia hadharani, na jinsi jimbo lilivyokatwa vipande kama mkate vikagawiwa majirani. Mahadhi ya chuoni yalinisaidia, niliyatoa "bin" tu nikaacha mwendo. Nilipomaliza, nilimwona Mama ameziba mdomo kwa ncha ya buibui. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hiyo nadhani nilikuwa naanza kuusikia mshindo wangu mwenyewe. Kisha yule bwana akainama mbele, akauliza swali lake kwa ukarimu, kama anayempa mtoto peremende: nani aliiwakilisha Thornmere kwa muda mrefu kuliko wote?

Jawabu la karatasi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama Baba. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, juu na chini, akilitamka jina la Farleigh bila sauti, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba. Nilimpenda sana wakati ule, na bado nikasema, "Hugh Simm, Sir."

Ukumbi ukasikitika kwa pumzi moja. Miss akatabasamu kwa huruma, akasema, "Fikiri tena, Zuhura. Ni Edmund Farleigh, sivyo?" Nikasema hapana, Miss, Edmund Farleigh ni watu wawili. Yule mvulana wa dawati la mbele akacheka kwa sauti, na wengine wakamfuata. Baba akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kitambulisho. Masikio yangu yaliwaka moto, na neno lililofuata lilifika kooni likataka kuketi kama zamani. Hapo nikamwona Shangazi. Hakuelewa hata neno moja la yaliyosemwa, lakini alizijua nyuso, na alijua tumefika wapi. Aliinua kidole kimoja tu, akakielekeza kwa jaji: muulize yeye.

Nikageuka. Nikamwambia yule bwana kwa adabu zote, kwamba naomba anisaidie jambo moja, kitabu kiko mbele yake. Ule uchaguzi mdogo wa Thornmere, baada ya Farleigh, ulifanywa kwa sababu gani? Akavaa miwani. Akafunua kurasa, akarudi nyuma, akasogeza kidole chini ya mstari wa maandishi madogo, akasoma kimya, kisha akatazama juu, masharubu yakicheza. Akasoma tena kwa sauti, polepole, ili ukumbi wote usikie: uchaguzi mdogo ulifanywa kwa kufariki kwa mbunge aliyekuwepo.

"Basi, Sir," nikasema, "aliyekufa hawezi kugombea tena."

Yule bwana akacheka kicheko kikubwa cha tumboni, akapiga meza, akasimama, akaanza kupiga makofi akiwa wima, na ukumbi mzima ukasimama naye. Miss aliziba uso kwa mikono yote miwili, alipoitoa alikuwa akicheka na machozi yamemtoka, akasema mbele ya wazazi wote kwamba amekisoma kitabu kile miaka mingi na hakupata kuliona hilo. Namheshimu mpaka leo kwa sentensi ile. Mtu mzima kukiri kosa mbele ya watoto si jambo dogo. Na kutoka mstari wa tatu kikatoka kigelegele, kirefu, cha harusini hasa, kigelegele ambacho ukumbi ule haukupata kukisikia na huenda haukupata tena. Wazazi wa Kiingereza walishtuka, wa Kimisri wakakijibu. Baba hakupiga makofi. Alikuja moja kwa moja mbele, akipita baina ya viti na kuwakanyaga watu, akaninyanyua, mimi msichana wa miaka kumi na moja, akanibeba kama mtoto wa miaka miwili, akaniambia sikioni, "Yalla, twende nyumbani." Nilikuwa nimemsikia akilisema neno "nyumbani" mara elfu, lakini siku ile nililisikia.

Barua iliandikwa siku hiyohiyo. Miss aliendelea kuchimba, akamwandikia mtu wa maktaba huko Uingereza, na baada ya muda akaniletea habari kwamba Shangazi alipatia na alikosea. Farleigh walikuwa wawili kweli, ila wa pili hakuwa mjukuu, alikuwa mtoto. Nilipompa Shangazi habari hiyo hakujali ushindi wake hata kidogo, alikerwa. "Baba yu hai, na mtoto aitwe jina lilelile? Sasa mama yao akiita, aje nani?" Alilijadili jambo hilo kwa simu na Mombasa wiki nzima, na kwa muda mrefu alipotaka kuonyesha kuwa ukoo fulani una vurugu, alisema ni wa Kithornmere.

Sasa naishi Mombasa, nimekuja kwa hiari yangu, nikiwa mtu mzima. Nina kadi ya kura na nimeitumia, na nikiwa kwenye foleni huwa najiona tajiri mbele ya mtoto yule aliyejifunza uchaguzi katika nchi asiyopigia kura, juu ya jimbo ambalo hata lenyewe halipo. Shangazi yu hai, hasikii vizuri, na vijana siku hizi hawamletei mtu majina. Wanatazamana kwenye simu, wanamalizana wenyewe. Pale tulipokaa Al Muraqqabat wamepaka rangi mpya na kuweka hoteli ndogo. Siwezi kusema dunia ile ilikuwa bora. Tulibanana, tulisubiriana bafuni, na hofu ya kuondolewa ilikaa nasi mezani kama mgeni asiyeaga.

Lakini kuna hesabu moja ambayo huwa naifanya. Nilimaliza sekondari ileile, na mwezi uliofuata moyo wa Baba ulisimama akiwa kazini. Wale niliokuwa nikiwajua, waliopelekwa kwa ami na kwa nyanya wakiwa na umri wangu, waliwajua baba zao kwa picha na kwa zawadi za likizo. Mimi najua kwamba wangu alikuwa akiogopa lifti na akisingizia kupenda ngazi. Najua aliimba vibaya, alikunja soksi zake mwenyewe, na akisoma gazeti alisoma matangazo ya vifo kwanza ili awaombee asiowajua. Najua harufu ya shati lake Ijumaa na harufu yake Jumatatu. Nilikuwa naye miaka saba zaidi, nyumba moja, sahani moja, na miaka hiyo sikupewa na mtu. Niliishinda kwa mdomo wangu.